Kufika Kabla ya Matanga
Hotuba kwa wakazi wanaotaka kujitolea katika huduma ya hospisi



Mtu akifariki katika kaunti hii, hema hukodishwa siku hiyo hiyo. Kamati huundwa, kundi la WhatsApp hufunguliwa, michango huingia, na jioni viti havitoshi. Lakini miezi sita kabla ya hapo, marehemu alipokuwa amelala chumba cha ndani akiugua saratani ya umio, ni nani aliyekuwa akiingia mle? Mara nyingi ni mtu mmoja: mke, au binti aliyeacha kibarua chake ili amwangalie baba. Majirani walipita wakauliza, "Mzee anaendeleaje?" kisha wakaenda zao. Si kwa ubaya. Hawakujua waseme nini.

Mhudumu wa kujitolea wa hospisi hufika wakati huo.

Neno hospisi huwatisha wengi, kwa kudhani ni nyumba ya kwenda kufia. Nairobi Hospice, ya kwanza nchini, ilianza mwaka wa 1990 katika uwanja wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Tangu hapo, kazi kubwa ya vituo kama hicho hufanyika kliniki na nyumbani kwa wagonjwa. Muuguzi huja, hupima maumivu, huacha dawa na kuifundisha familia. Mgonjwa anaweza kuendelea na matibabu ya hospitali huku akihudumiwa na hospisi. Ila muuguzi huyo ana wagonjwa wengi na barabara ndefu. Akishaondoka, siku zinazobaki za wiki ni za familia peke yake.

Kazi ya kujitolea haihitaji cheti cha udaktari. Tuseme mhudumu huja Jumanne, saa nane mchana hadi saa kumi. Kwa saa hizo mbili yule binti anaweza kwenda sokoni, kuoga bila haraka, au kulala. Hilo la kulala lisidharauliwe, kwani anayeuguza huamka usiku mara nyingi. Mhudumu husaidia kumgeuza mgonjwa, maana anayelalia ubavu mmoja muda mrefu hupata vidonda. Humlowesha midomo iliyokauka. Humsomea gazeti, au kitabu cha dini ya mgonjwa, si ya mgeni. Muda mwingine wote huketi tu. Asiyeweza kunyamaza robo saa ataiona kazi hii nzito kuliko kuteka maji.

Kuhusu maumivu, wauguzi hutumia mkono. Ngumi maana yake hakuna maumivu. Vidole vitano ni maumivu makali kupita yote. Mhudumu anaweza kumuuliza mgonjwa, akaandika kwenye daftari ni vidole vingapi na ni saa ngapi, kisha akampigia muuguzi simu. Hapa ndipo mzozo huzuka nyumbani. Morfini ya maji kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa nne, na kuna jamaa wanaoificha chupa wakiogopa kwamba mgonjwa atakuwa mraibu au atakufa upesi. Ikitumiwa kwa kipimo alichoagiza daktari, hofu hiyo haina msingi. Inachofanya ni kufunga choo, ndiyo sababu huandamana na dawa ya kulainisha choo. Mhudumu haongezi wala hapunguzi hata tone. Akikuta chupa imefichwa, humjulisha muuguzi siku hiyo hiyo, kwa kuwa mgonjwa anayeuma meno usiku kucha kwa sababu ya hofu ya jamaa zake anateseka bure.

Yapo maneno ya kuacha mlangoni, na la kwanza ni "Utapona tu." Mgonjwa akiuliza, "Je, ninakufa?" asikatizwe kwa ndiyo wala kwa la. Aulizwe taratibu ni nini kilichomfanya awaze hivyo, kisha asikilizwe. Mhudumu hauzi miti shamba, hapokei pesa, haingilii ugomvi wa shamba. Aliyoyasikia hayafiki kwenye chama wala kilabuni. Siri moja ikivuja, familia tatu zitafunga milango.

Mafunzo hutangulia, na ziara za mwanzo hufanywa pamoja na muuguzi. Aliyefiwa karibuni hushauriwa asubiri kwanza, hata kama moyo wake uko tayari. Suala la nauli liulizwe waziwazi mapema. Kujitolea si kukopa nauli kila wiki.

Anayetaka kuanza amwone mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chake, au aulizie huduma ya kutuliza maumivu katika hospitali iliyo karibu. Aende na kitambulisho, na aseme ni siku gani anayo kwa hakika. Asiahidi kila siku. Akisema Jumanne, iwe Jumanne, kwa sababu kuna mtu kitandani atakayekuwa akiihesabu.