Badiliko Lilitangulia, Risasi Ikafuata: Mada kwa Walimu wa Sayansi wa Rongui na Pwani ya Palma



Mwanafunzi akiulizwa kwa nini majike wengi wa ndovu kule hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji, hawana pembe, hukimbilia kujibu kwamba waliandamwa na majangili, wakaacha kuota pembe ili wasalimike. Jibu tamu, ila limeanza mkiani.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji vilidumu tangu 1977 hadi 1992. Wapiganaji wa pande zote mbili waliwaua ndovu kwa nyama na kwa pembe za kununulia silaha, hata zaidi ya asilimia 90 ya ndovu wa Gorongosa wakaangamia. Lakini picha za kabla ya vita zinaonyesha kwamba majike 18 hivi katika kila 100 tayari hawakuwa na pembe. Baada ya vita walifika 51. Risasi haikumtoa ndovu pembe. Ilimwacha hai yule aliyezaliwa bila pembe, naye akazaa.

Chanzo cha badiliko ni seli. Inaponakili DNA yake, mara mojamoja hukosea herufi, wala kosa hilo halijui kama nje kuna bunduki, ukame au neema. Mengi hayana athari, mengine huua, machache hufaa, tena kwa mahali na wakati fulani tu.

Sisi watu wa pwani tunao ushahidi wa hilo damuni. Mwaka 1949 Anthony Allison alipima damu za watu nchini Kenya, akakuta jeni ya selimundu imejaa pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, kwenye malaria, na nyanda za juu ni haba mno. Herufi moja tu imebadilika. Aliyerithi kwa mzazi mmoja hukingwa dhidi ya malaria kali. Aliyerithi kwa wote wawili huumwa maisha yake yote.

Ndovu nao wanalipa gharama ya badiliko lao. Mwaka 2021 Shane Campbell-Staton na wenzake walieleza kwamba huenda badiliko lenyewe limo katika jeni iitwayo AMELX, inayohusika na ukuaji wa meno, iliyoko kwenye kromosomu X. Jike ana X mbili, dume ana moja. Dume akirithi X yenye badiliko, inadhaniwa hufa kabla ya kuzaliwa.

Darasani hili lafundishika kwa sarafu mbili za metikali. Ya kwanza ni mama asiye na pembe: X nzima au X yenye badiliko. Ya pili ni baba: X au Y. Watoto warushe mara nyingi, wafute kila dume aliyeangukiwa na X yenye badiliko, kisha wahesabu waliobaki. Watapata majike wawili kwa kila dume mmoja, au karibu na hapo. Gorongosa kwenyewe, ndama wa majike wasio na pembe walikuwa majike kwa karibu theluthi mbili.