Mtoto Asiyeuona Ubao Si Mzembe

*Maneno ya Afisa Habari wa Halmashauri kwa wazazi na walezi wa kata za Mji wa Tunduma*



Nimeombwa nizungumzie teknolojia darasani. Naomba nianze na mtoto, kwa kuwa kifaa bila kumjua mtoto ni pambo tu. Katika darasa lenye watoto wengi hakosekani mmoja anayenakili polepole, anayeandika nje ya mistari, au anayejibu swali ambalo hakuulizwa. Tunamwita mzembe. Nyumbani anakemewa, shuleni anabaki nyuma mwaka hadi mwaka, na mwishowe tunamkuta akiuza maji kwenye foleni ya malori kuelekea mpakani. Huenda tangu siku ya kwanza hakuwa akiuona ubao, au sauti ya mwalimu ilikuwa ikimfikia nusunusu.

Watoto hao si wachache kama tunavyodhani. Sensa ya Agosti 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walieleza kuwa zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji vifaa saidizi, na karibu bilioni moja kati yao hawavipati.

Teknolojia saidizi ni kifaa chochote kinachomwezesha mtu kufanya lile ambalo ulemavu ungemzuia. Miwani ni teknolojia saidizi. Shimesikio, kiti mwendo, fimbo nyeupe na lenzi ya kukuzia maandishi, vyote vimo. Mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, iliyoanza kutengenezwa nchini Marekani mwaka 1951, haihitaji umeme hata kidogo. Basi asiseme mtu kwamba shule yetu haina kompyuta, kwa hiyo jambo hili halituhusu.

Hata vifaa vya kidijitali havipo mbali nasi. Baada ya Sensa, Serikali iliamua vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu vigawiwe kwa walimu. Kishikwambi kilekile kilichohesabu kaya kinaweza kumkuzia mtoto mwenye uoni hafifu herufi mpaka azisome bila kuinamia daftari. Mtoto mwenye ualbino, ambaye mara nyingi huona kwa shida na huumizwa macho na mwanga mkali, anaweza kupunguziwa mwanga wa kioo akasoma kwa utulivu. Simu janja nyingi zina programu ya TalkBack, inayotamka kwa sauti kilichoandikwa kwenye kioo, na sauti ya Kiswahili ipo. Kwenye kompyuta kuna NVDA, nayo hupatikana bila malipo. Vitabu vya kiada vimo katika Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania.

Sisi wakazi wa Tunduma si wageni wa simu. Kwa simu tunaulizia bei ya kwacha, tunatuma fedha, tunajua lori limefika wapi. Simu inayomhudumia mfanyabiashara mchana inaweza kumsomea mtoto hadithi jioni.

Hata hivyo, tusidanganyane. Kishikwambi kimoja hakitoshi darasa zima, na chaji huisha. Programu inayosoma kwa sauti haimfai mtoto kiziwi; yeye anahitaji Lugha ya Alama ya Tanzania, na mtu wa kuzungumza naye kwa lugha hiyo. Kifaa humsaidia mwalimu, wala hakimwondoi. Kuna pia msaada usiogharimu kitu: mtoto akae mbele, mbali na jua la dirishani, mwalimu aandike kwa herufi kubwa na asome kwa sauti anachoandika, aongee akiwa amelielekea darasa ili asiyesikia vizuri auone mdomo wake.

Sheria nayo ipo upande wa mtoto. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma katika shule ya kawaida pamoja na wenzake, isipokuwa pale mahitaji yake yanapodai mawasiliano maalumu. Katika mitihani ya Taifa, watahiniwa wasioona huandaliwa karatasi za nukta nundu, wenye uoni hafifu huandaliwa za maandishi makubwa, na muda huongezwa. Lakini huduma hiyo humfikia mtoto ambaye shule imekwisha kumtambua na kutoa taarifa zake. Aliyefichwa ndani hahesabiwi, na asiyehesabiwa hapangiwi kifaa wala mwalimu.

Ndugu zangu, nina maombi matatu. La kwanza, kabla ya kumwadhibu mtoto kwa kutojua kusoma, mpelekeni kituo cha afya apimwe macho na masikio. La pili, mnapomwandikisha shule, mwelezeni Mwalimu Mkuu ukweli wote kuhusu hali yake. Na mkiona mtoto wa jirani amefungiwa ndani, mjulisheni Mtendaji wa Mtaa au Afisa Ustawi wa Jamii. La tatu, katika mikutano ya shule ulizeni: watoto wangapi wenye mahitaji maalumu wametambuliwa, na vishikwambi vinawasaidiaje? Swali la mzazi humkumbusha mwalimu, nasi wa Halmashauri hutukumbusha wajibu wetu wakati wa kupanga bajeti.

Mtoto wa Sogea, wa Mpemba au wa Chapwa akipewa miwani leo, kesho ataacha kuitwa mzembe. Huenda kilichokuwa kikimzuia miaka yote ni umbali kati ya dawati lake na ubao, na umbali huo tunao uwezo wa kuupunguza.