Kutoka Kwenye Simu Hadi Sandukuni: Kampeni ya Ndoa za Jinsia Moja Nchini Ireland, 2015



Tarehe 22 Mei 2015 Waireland walipiga kura ya maoni kuamua kama katiba yao iruhusu watu wawili kufunga ndoa bila kujali jinsia zao. Waliosema ndiyo walikuwa asilimia 62. Ilikuwa mara ya kwanza kwa nchi yoyote kulipitisha jambo hili kwa kura ya wananchi wote, na tangu siku hiyo kila anayezungumzia kampeni za mtandaoni huitaja Ireland kama ushahidi kwamba Twitter na Facebook zinaweza kugeuza mawazo ya taifa zima.

Nimeombwa nieleze kampeni ile ilivyoendeshwa, nami naomba nianze kwa kuzipunguza sifa hizo. Ninavyoisoma kampeni yenyewe, mtandao haukuwashawishi Waireland wengi kuhusu ndoa. Kazi yake kubwa ilikuwa kuwanyanyua watu vitini na kuwafikisha mbele ya polisi mwenye muhuri, mbele ya bibi zao, na mwishowe mbele ya sanduku la kura.

Tofauti inaonekana vizuri tukitazama California kwanza. Novemba 4, 2008, wapiga kura wa jimbo hilo la Marekani waliamua kwa asilimia 52 kuondoa haki ya ndoa za jinsia moja iliyokuwa imepatikana mahakamani miezi michache tu kabla. Pande mbili zilitumia zaidi ya dola milioni 80, nyingi zikiishia kwenye matangazo ya televisheni. Siku chache baada ya kushindwa, Amy Balliett, mwanamke wa Seattle, na rafiki yake walifungua tovuti iitwayo Join the Impact, wakaitisha maandamano. Novemba 15 watu walijitokeza katika miji takriban 300. Hapakuwa na ofisi wala bajeti ya maana. Ni kazi ya kushangaza, na waandishi wengi wameisifu. Lakini kura zilikuwa zimeshahesabiwa. Hasira iliyojaza barabara katikati ya Novemba haikuwa na sanduku la kuingia, na ndoa zilirudi California mwaka 2013 kwa njia ya mahakama.

Ireland walikuwa na muda, na wakautumia. Sheria iliyofanya mapenzi ya wanaume wawili kuwa jinai ilifutwa mwaka 1993. Mwaka 2010 bunge likapitisha sheria ya ushirika wa kiraia, ambao haukuwa ndoa. Kikundi cha LGBT Noise kilianza mwaka 2007, na Marriage Equality mwaka 2008. Vyote viliona kwamba ushirika wa kiraia ulikuwa kituo cha njiani. Mwaka 2009 wanaharakati walitoa video fupi ya kijana anayezunguka mlango kwa mlango akiwaomba watu asiowajua ruhusa ya kumwoa mpenzi wake, msichana aitwaye Sinéad. Hoja ya katiba nzima imo humo: nchini Ireland kipengele cha katiba hakibadiliki bila kura ya wananchi, kwa hiyo wapenzi wa jinsia moja walikuwa wanalazimika kuomba ruhusa kwa watu milioni kadhaa.

Sasa tuje kwenye daftari la wapiga kura, na hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu wanaosimulia kampeni hii hupita haraka. Vijana ndio waliokuwa wakiunga mkono zaidi, na vijana ndio ambao majina yao hayamo daftarini, au yamo katika kijiji walichokihama. Umoja wa wanafunzi wa nchi hiyo uliandikisha wapiga kura wapya zaidi ya 20,000 vyuoni kabla daftari kuu halijafungwa Novemba 2014. Aliyechelewa alibaki na daftari la nyongeza, na utaratibu wake ulikuwa hivi: unachapa fomu, unaipeleka kituo cha polisi ukiwa na kitambulisho, askari anakushuhudia ukitia saini, anagonga muhuri, kisha fomu inapelekwa halmashauri. Hakuna kitufe cha kubofya kikamaliza kazi hiyo. Mtandao ulichoweza ni kukumbusha tarehe, kueleza fomu ipi ni ipi, na kuonyesha picha za wenzako waliopanga foleni kituoni, nawe ukaona aibu kubaki nyumbani. Mwishoni daftari la nyongeza lilikuwa na majina takriban 66,000. Kura ya maoni ya talaka ya mwaka 1995 iliamuliwa kwa tofauti ya kura kama 9,000 tu, na viongozi wa kampeni waliikumbuka vizuri hesabu hiyo.

Upande wa maneno, hatua kubwa ilitokea jukwaani. Januari 2014 msanii Rory O'Neill, anayefahamika zaidi kwa jina la Panti Bliss, aliwataja watu fulani katika mahojiano ya televisheni kuwa na chuki dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. Shirika la utangazaji la taifa, RTÉ, likawalipa waliolalamika euro 85,000. Februari 1, baada ya onyesho katika ukumbi wa Abbey jijini Dublin, Panti alipanda jukwaani akaeleza mtu anavyojisikia anaposimama barabarani akijichunguza mwenyewe, asije akaonekana. Video ya hotuba hiyo ilienea dunia nzima.

Nguvu ya mtandao katika jambo hili ilitokana pia na sheria. Redio na televisheni za Ireland zinatakiwa kuwa na mizani wakati wa kura ya maoni. Mama akisimulia habari za mwanawe hewani, mtangazaji analazimika kuhakikisha upande wa pili nao unapata nafasi. Kwenye Facebook sharti hilo halikuwepo. Familia zilisimulia mambo yao hadi mwisho bila kukatizwa: wazee Wakatoliki wakieleza kwa nini watapiga kura ya ndiyo, mabinti wakiandika kuhusu kaka zao. Nakiri kwamba hili lina makali pande mbili, maana uwongo nao hupita mlango huohuo. Miaka mitatu baadaye, kuelekea kura ya maoni kuhusu utoaji mimba, Facebook ilizuia matangazo ya kisiasa kutoka nje ya Ireland, na Google ikayasimamisha yote yaliyohusu kura hiyo.

Yes Equality, mwamvuli wa kampeni, uliwasisitizia wafuasi wake wasitukane na wasimwite mtu mbaguzi; wazungumze. Wanafunzi wa Dublin walikuwa na video ya kuwahimiza vijana wampigie bibi simu. Mnaweza kuona busara yake. Bibi hasomi Twitter, na akisoma hamsikilizi mgeni. Lakini mjukuu akimpigia, akamwuliza afya, akaulizia kuku na jirani, kisha akasema, "Bibi, nina jambo nataka kukuomba," mazungumzo hayo hayapatikani kwa tangazo lolote la kulipia. Mtandao hapo ulifanya kazi ya kumsukuma mjukuu tu. Ushawishi ulifanyika kwenye simu.

Halafu kuna wale waliorudi nyumbani. Baada ya mtikisiko wa uchumi wa 2008 vijana wengi walikwenda London, Toronto na Sydney. Ireland haiwapi wengi wao kura ya posta: aliye nje kwa muda usiozidi miezi 18 na anayekusudia kurejea ndiye mwenye haki, na lazima afike mwenyewe kituoni. Siku mbili za mwisho, alama ya reli #HomeToVote ilijaa picha za mabegi, za meli zinazovuka kutoka Holyhead, na za watu waliokumbatiana na wasiowajua kwenye viwanja vya ndege. Matangazo ya redio na televisheni kuhusu kura yalikuwa yamesimama tangu saa nane mchana wa siku iliyotangulia, kama kanuni za wakati huo zilivyotaka. Mtandaoni hakukuwa na ukimya huo. Idadi ya waliorudi haikuwa ya kuamua matokeo. Tofauti ilikuwa kubwa mno. Ila kijana wa Cork aliyekuwa akisitasita kutoka nje kwenye mvua aliona mwenzake ametoka Australia.

Kosa la kuisoma kampeni kwa kutazama kioo cha simu linaonekana katika matokeo. Mtandaoni ungedhani hapana haina mtu. Tafiti za maoni za magazeti nazo zilikadiria ndiyo karibu asilimia 70 ukiwaondoa wasioamua. Sandukuni ikawa 62, na Roscommon–South Leitrim ikawa jimbo pekee kati ya 43 lililokataa. Zaidi ya theluthi moja ya wapiga kura walikuwa kimya, na kimya hicho hakikuwa kukubali. Hata hivyo David Quinn wa taasisi ya Iona, mmoja wa sauti kuu za hapana, aliwapongeza washindi kupitia Twitter asubuhi ya kuhesabu kura, kabla matokeo rasmi hayajatangazwa.

Kabla sijaulizwa: je, mbinu hizi zinahamishika hadi kwetu Afrika Mashariki? Kiini chake, yaani kusimulia maisha yako kwa jina na sura yako, kilikuwa na miaka 22 nyuma yake tangu jinai ilipofutwa. Kenya, katiba ya 2010 inataja ndoa kuwa haki ya mtu kufunga na mwenzake wa jinsia tofauti, na Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu vya kanuni ya adhabu vinavyotumika dhidi ya wapenzi wa jinsia moja. Uganda, sheria ya 2023 inaadhibu hata kile inachokiita uhamasishaji. Mahali kama hapo, video ya familia jikoni inaweza kugeuka kielelezo cha mwendesha mashtaka. Anayeinakili Ireland kuanzia 2015 ameruka ukurasa wa 1993, na wanaoendesha kesi Nairobi wanaonekana kulijua hilo: madai yao mahakamani yamekuwa juu ya jinai na haki ya kusajili chama, jambo ambalo Mahakama ya Juu iliwakubalia Februari 2023. Ndoa hawajaiomba.

Kwa kikao cha mchana ningependa tujadili suala la daftari, kwa kuwa linagusa kampeni yoyote, iwe ya ndoa, ya maji au ya ardhi: ni hatua ipi katika uandikishaji wetu inayomlazimu mtu afike kwa miguu yake, na ni nani atakayempeleka?