Kukaa Nyuma ya Darasa



Nimeombwa niseme juu ya kuwasimamia walimu. Nitasema la kwangu. Shule za kata zilipoongezeka kwa kasi kuanzia mwaka 2006, nilikuwa mkuu wa shule mkoani humu. Nililetewa kijana wa hesabu, ametoka kidato cha sita na mafunzo ya wiki chache tu. Niliingia darasani kwake, nikakaa nyuma, nikamsahihisha mbele ya wanafunzi. Kesho yake hakuja. Ilikuwa Juni; nikasingizia baridi.

Nilimfuata nyumbani. Hakuwa na kitabu cha kiada hata kimoja. Maandalio ya masomo aliyatoa katika daftari lake la zamani. Nami nilikuwa nikiyatia saini kila Jumatatu!

Wakaguzi, ambao siku hizi huitwa wathibiti ubora, huja na kuondoka. Mimi nilikuwapo kila siku. Basi tukapatana: wiki moja nifundishe mimi, yeye akae nyuma, wiki ya pili tubadilishane, na makosa tuyaseme ofisini, mlango umefungwa.

Siku ya kwanza nilikosea hesabu ya sehemu ubaoni. Alinyamaza mpaka tulipofika ofisini.