Magurudumu ya Gari Jingine

Jioni ya leo twataka kuzungumza nanyi habari ya jambo lifanyikalo kila mara katika karakana za Mwanza, nalo ni kulivisha lori la zamani magurudumu yaliyotoka katika gari la namna nyingine. Wako watu wasemao kwamba kazi hii ni ya mafundi, wala haiwahusu wengine. Sisi twaona yawahusu watu wote: mwenye lori, na dereva, na utingo, na mkulima apakiaye pamba yake, na mama apandaye juu ya magunia ya dagaa, na zaidi ya wote mtoto aendaye shule kwa miguu kando ya barabara. Kwa maana gurudumu la lori kubwa pamoja na tairi lake hukaribia uzito wa kilo 100, na likichomoka gari likiwa katika mwendo halimchagui mwenye kosa.

Msiba wa namna hii umepata kutokea hata katika nchi zenye viwanda vikubwa. Mwezi wa Januari mwaka 2002, katika mji wa Yokohama nchini Japani, gurudumu la lori lilichomoka likamgonga mama aliyekuwa akitembea na watoto wake, akafa. Siku ile ubaya haukuwa wa rimu ngeni, bali kitovu cha gurudumu ndicho kilichovunjika. Lakini funzo lake latufaa sana: aliyekufa hakuwamo garini, wala hakuwa na neno lo lote katika matengenezo ya gari lile.

Sasa na tutazame hali ya kwetu. Tangu reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, mji huu umekuwa mahali pakutanapo reli, vyombo vya majini na barabara. Pamba ya Usukuma hupelekwa viwandani kuchambuliwa. Dagaa na samaki huuzwa katika soko la Mwaloni, Kirumba, na kutoka hapo husafirishwa hata Burundi na Kongo. Kazi hizi zataka malori, na malori mengi ni ya miaka mingi. Injini ikitunzwa vema huishi muda mrefu, lakini rimu hupasuka na kuliwa na kutu, na matairi ya vipimo vya zamani huadimika madukani. Hapo ndipo mwenye lori huletewa habari: kuna magurudumu ya gari la Ulaya lililovunjwa, bei yake ni nafuu, nayo yana matundu 8 kama ya lori lako la Kijapani. Naye hufurahi sana. Wazee wetu walisema kwamba rahisi huvunja upishi. Hatusemi asinunue, twasema apime kwanza.

Basi kuhesabu matundu hakutoshi. Tuchukue malori yenye boliti 8 kuwa mfano. Katika malori ya Kijapani yafuatayo kipimo cha zamani cha nchi ile, ukichora duara ipitayo katikati ya boliti zote, kipenyo chake ni milimita 285. Katika malori mengi ya Ulaya yenye boliti 8 kipenyo hicho ni milimita 275. Tundu kubwa la katikati ni lile lile, milimita 221 kwa yote mawili. Kwa hiyo macho hudanganyika. Matundu ni 8 na 8, rimu yaingia vizuri katika kitovu, lakini kila boliti imekosana na tundu lake kwa milimita 5. Fundi asiye mwangalifu huchukua tupa, au moto wa gesi, akayapanua matundu mpaka boliti zipite. Kisha hukaza nati kwa nguvu zake zote, akampa mwenye gari ufunguo, na lori likaondoka.

Je, ubaya wake ni nini, ikiwa gurudumu limeingia na nati zimekaza? Watu wengi hudhani kwamba boliti hulibeba gurudumu kama msumari ubebavyo kofia ukutani. Sivyo. Kazi ya boliti ni kuivuta rimu na kuibana juu ya uso wa kitovu, ambacho mafundi hukiita habu, hata nyuso hizo mbili zishikamane zisiweze kuteleza. Mshikamano huo ndio uchukuao mzigo. Tundu likipanuliwa, nati hukosa mahali pake pa kukalia, nayo hushika ukingo tu. Rimu hupata nafasi ya kucheza kidogo, na kila mzunguko boliti hupindwa huku na huku, kama mtu akunjavyo waya ili aukate. Baadaye boliti moja hukatika. Mzigo wake huziangukia zilizobaki, na ya pili hukatika upesi kuliko ya kwanza, na ya tatu upesi kuliko ya pili.

Mkulima aweza kulifahamu jambo hili kwa jembe lake. Msuka wa jembe ukiwa mwembamba kuliko tundu la mpini, twaweza kuujaza matambara na vijiti, na jembe likasimama vizuri uani. Lakini tukifika shambani na kuanza kulima katika udongo mgumu, jembe huchomoka na kumwumiza jirani. Kuingia si kukaa.

Sasa twawapa ninyi wanafunzi njia ya kupima, maana yataka rula tu na akili. Rimu ikiwa na matundu 6 au 8, pima toka ukingo wa nje wa tundu moja mpaka ukingo wa ndani wa tundu linalolikabili upande wa pili. Hicho ndicho kipenyo cha duara ya boliti. Rimu ikiwa na matundu 5, hakuna tundu linalokabiliana na lingine sawasawa; basi pima toka katikati ya tundu moja mpaka katikati ya jirani yake, kisha zidisha kwa 1.7. Katika Land Rover za zamani utapata milimita 97, na mara 1.7 ni karibu 165. Katika Land Cruiser za namna ya 70 zenye boliti 5, utapata milimita 88, na mara 1.7 ni karibu 150. Tazameni: tofauti kati ya tundu na tundu ni milimita 9 tu, upana usiozidi kidole kidogo, lakini magurudumu hayo hayabadilishani kamwe. Asiyetaka hesabu na atandaze karatasi ngumu juu ya rimu, aisugue kwa mkaa mpaka matundu yaonekane, ayatoboe, kisha ailinganishe karatasi hiyo na boliti za gari lake.

Duara ya boliti ikiwa sawa, bado yako mambo manne ya kuangalia.

La kwanza ni tundu la katikati. Toyota Hilux na Mitsubishi L200 zenye boliti 6 zina duara moja, milimita 139.7. Lakini tundu la katikati la rimu ya Hilux ni milimita 106, na la L200 ni milimita 67 tu. Rimu ya L200 haiwezi kupita juu ya kitovu cha Hilux. Na rimu ya Hilux ikivishwa L200 huingia, lakini hubaki na nafasi kubwa kuzunguka kitovu, hata isipokazwa kwa uangalifu yaweza kukaa upande, na usukani ukatetemeka njia nzima.

La pili ni nati na mahali inapokalia. Ziko nati zenye ncha kama pia, ziko zenye umbo la mviringo kama nusu ya mpira, na ziko bapa zenye kisahani chake. Malori ya Kijapani ya kipimo cha zamani hutumia za mviringo, nayo yafuatayo kipimo cha kimataifa hutumia bapa. Nati bapa ikiwekwa katika tundu lililochongwa kama bakuli hugusa ukingo tu, nayo italegea. Kadhalika meno ya boliti hutofautiana. Katika malori hayo ya Kijapani ya zamani, boliti za upande wa kushoto zimechongwa kinyume, nazo hufunguliwa kwa kuzungusha nati kuelekea kulia. Mara nyingi huandikwa herufi L au R katika ncha ya boliti. Asiyejua hukaza akidhani afungua, mpaka boliti inakatika mikononi mwake.

La tatu ni uzito na kina cha rimu. Rimu nyingi nzuri zimepigwa chapa ya kipimo chake na mzigo iwezao kuchukua. Rimu ya gari dogo isivishwe gari kubwa, hata ikiwa matundu yamelingana. Na ikiwa uso wake umeingia ndani au umetoka nje kuliko ile ya kwanza, tairi litakwaruza springi, au litatokeza nje na kuzilemea beringi. Kwa magurudumu mawili ya nyuma yaliyopangwa pamoja, matairi yasigusane, wala moja lisiwe kubwa kuliko mwenzake, maana lile kubwa litachukua mzigo wote peke yake na kupata moto mpaka lipasuke.

La nne ni namna ya rimu yenyewe. Malori mengi ya zamani yana rimu za inchi 20 zenye mpira wa ndani na pete ya chuma ya kufungia. Yaliyofuata yana rimu za inchi 22.5 zisizotumia mpira wa ndani. Tairi la 11R22.5 limechukua mahali pa lile la 10.00-20, na urefu wake ni karibu sawa. Lakini tairi la namna moja halivishwi kabisa katika rimu ya namna nyingine. Na pete ya rimu moja isichanganywe na rimu ya kiwanda kingine. Pete isiyolingana yaweza kuruka tairi lijazwapo upepo, na kumwua mjazaji. Mwenye kujaza na asimame kando, na gurudumu liwekwe ndani ya kizimba cha chuma. Na kabla ya kulifungua, upepo wote utolewe.

Mtu atauliza, Je, lori langu la zamani life kwa kukosa rimu? La, hasha. Yako magari ya viwanda mbalimbali ambayo vipimo vyake vimelingana katika mambo yote tuliyoyataja, na kubadilishana kwao hakuna hatari. Tena vipimo visipolingana, fundi mwema hapanui matundu, bali hubadili vitovu pamoja na dramu zake za breki, au hufunga ekseli nzima ya gari lile lenye rimu zipatikanazo. Gharama yake ni kubwa, lakini ni gharama ya mara moja. Na kumbukeni kwamba Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu kutumika barabarani. Asemaye kwamba hakujua hatasalimika kwa neno hilo.

Mwisho, kazi haijaisha nati zinapokazwa. Kwanza uso wa rimu na wa kitovu usuguliwe, usibaki na kutu, wala udongo, wala rangi nene, kwa kuwa vitu hivyo husagika na kuacha nafasi. Nati zikazwe kwa kuruka toka moja hadi ile inayoikabili, kwa nguvu iliyoandikwa katika kitabu cha gari. Kisha zikazwe tena baada ya mwendo wa kilomita 50 mpaka 100. Nchini Japani, ambako magari hupita upande wa kushoto kama kwetu, serikali imekusanya habari za magurudumu yaliyochomoka katika malori, ikaona kwamba mengi ni ya nyuma upande wa kushoto, na kwamba mengi huchomoka muda mfupi baada ya matairi kubadilishwa. Basi dereva atokaye Mwanza kwa njia ya Musoma na asimame Magu. Aendaye Shinyanga na asimame Misungwi. Aendaye Geita na asimame Sengerema. Azunguke gari lake, atazame kama kuna mistari ya kutu itokayo katika nati, aziguse kwa spana moja moja.

Neno hili la kusimama latupasa kulikumbuka hasa sisi wa pande hizi. Zamani malori mengi yaliyokwenda Geita yalisimama Kigongo kungoja kivuko, na utingo mwenye akili aliutumia muda ule kutazama magurudumu. Tangu mwaka 2025 liko daraja kubwa kutoka Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na malori hupita bila kungoja. Tumepata faida kubwa ya wakati. Dakika 10 katika wakati huo na tuwape magurudumu, ili mtoto yule atembeaye kando ya barabara afike shuleni, arudi kwao salama.