Seva Isogee Kwetu: Mitandao Pasiwaya na Kompyuta za Ukingoni kwa Uhalisia Panuzi



Nianze na jina lenyewe, maana ni geni kwa baadhi yetu. Uhalisia panuzi ni jina linalokusanya vitu vitatu. Cha kwanza ni uhalisia pepe: miwani inamfunika mtu macho na kumwingiza katika ulimwengu uliochorwa wote na kompyuta. Cha pili ni uhalisia ulioongezwa: mtu anaona chumba chake kama kilivyo, ila juu yake pamewekwa michoro, maandishi au mishale ya kumwelekeza. Cha tatu, katikati ya hivyo viwili, ni uhalisia mchanganyiko, ambapo kitu kilichochorwa kinatua juu ya meza halisi na kufichwa na mkono halisi unapopita mbele yake. Kwa njia hizi mwanagenzi anajifunza kuchomelea bila kumaliza vyuma vya karakana, na mwanafunzi wa udaktari anauzunguka moyo wa binadamu akiutazama pande zote.

Kila tunapoizungumzia teknolojia hii, mazungumzo huishia kwenye bei ya miwani. Bei ni tatizo, sikatai. Lakini vifaa vya aina hii hushuka bei kadiri miaka inavyokwenda. Kisichoshuka ni umbali kati ya miwani na kompyuta inayoichorea picha, na huo ndio ninaotaka tuujadili leo.

Milisekunde 20

Niliwahi kusimamia onyesho dogo katika karakana ya chuo kimoja. Kijana alivaa miwani, akageuza kichwa kushoto, na chumba kikamfuata kwa kuchelewa. Hazikupita dakika tano akaivua, jasho linamtiririka, akaomba kiti. Miwani ilikuwa nzima. Intaneti ilikuwa na kasi ya kutosha kuonyesha filamu bila kukwama. Tatizo ni kwamba picha zilikuwa zinachorwa na seva iliyoko nje ya bara hili, na kila alipogeuka, habari ya kugeuka kwake ilibidi isafiri hadi huko, kisha picha mpya isafiri kurudi.

Ndani ya sikio la binadamu kuna kiungo kinachouambia ubongo kwamba kichwa kimegeuka. Macho nayo yanatoa taarifa yake. Taarifa hizo mbili zisipokubaliana, mwili unafanya kama unavyofanya kwenye dau lililokumbwa na mawimbi: kizunguzungu, kichefuchefu, mate kujaa mdomoni. Wataalamu wa fani hii wameshika kikomo cha takriban milisekunde 20 kutoka kichwa kinapogeuka hadi mwanga wa picha mpya unapofika jichoni. Kwenye kioo kinachoonyesha fremu 90 kwa sekunde, kila fremu inakaa milisekunde 11 tu, kwa hiyo bajeti yetu yote haifiki fremu mbili.

Ndani ya bajeti hiyo kuna kazi nyingi. Vihisi vinapima kichwa kiko wapi, habari inatumwa, picha inachorwa, inabanwa, inapita hewani, inafunguliwa, inawekwa kwenye kioo. Na picha haina budi kubanwa. Chukueni miwani ya Quest 2, ambayo kila jicho linapewa pikseli 1832 kwa 1920. Zidisheni kwa macho mawili, kwa biti 24 za rangi, kwa fremu 90, mtapata gigabiti 15 kwa sekunde. Hakuna ruta ya kawaida itakayobeba mzigo huo ukiwa mbichi. Ukibanwa unapungua hadi megabiti mia moja au mia mbili, ila kubana na kufungua kunakula milisekunde nyingine huku na huku.

Mtu atauliza, kwa nini miwani isijichoree yenyewe? Inajichorea, na kwa programu nyepesi inatosha. Lakini kifaa hicho kinakaa usoni, kina uzito wa nusu kilo, na betri yake inadumu saa mbili au tatu. Chipu yake ni ya jamii ya chipu za simu. Ukiitaka ichore injini nzima ya gari yenye sehemu zake zote, itapata joto, na joto la kitu kilichofungwa usoni katika karakana ya Dar es Salaam mwezi wa Februari ni mateso. Ndiyo maana kazi nzito inatafutiwa kompyuta nyingine.

Hesabu ya mwanga

Kompyuta hiyo iwe wapi? Hapa naomba tufanye hesabu ambayo haihitaji maabara. Ndani ya nyuzi za mkongo, mwanga hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa kila milisekunde. Kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg, ambako Microsoft ilifungua kituo cha data mwaka 2019, kuna karibu kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka. Kwenda na kurudi ni kilomita 5,000: milisekunde 25. Hadi Cape Town, ambako Amazon ilifungua kituo chake mwaka 2020, ni kilomita 3,700, na safari ya kwenda na kurudi ni milisekunde 37. Hadi Marseille, Ufaransa, ni zaidi ya kilomita 6,000, nasi tumevuka milisekunde 60. Nimehesabu kana kwamba mkongo umenyooka kama uzi, hakuna ruta njiani, hakuna foleni na seva haikutumia muda wowote kuchora. Bajeti imekwisha kabla kazi haijaanza.

Mikongo ya baharini iliyofika pwani yetu kuanzia SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010 ilitufungulia njia pana sana. Haikuisogeza Marseille karibu na Mombasa. Wanaotuuzia bando hutangaza kasi, na kasi wanayoitangaza ni upana wa barabara. Uhalisia panuzi unauliza pia urefu wake.

Urefu unatusumbua hata ndani ya nchi. Dar es Salaam hadi Mwanza ni kilomita 850 hivi kwa mstari ulionyooka: milisekunde 8 na nusu kwenda na kurudi, karibu nusu ya bajeti. Kwa hiyo kujenga kituo kimoja kikubwa Dar es Salaam na kusema nchi imehudumiwa hakutoshi. Chuo cha Mwanza kinahitaji kompyuta iliyoko Mwanza.

Wazo la kuisogeza kompyuta si la jana. Mwaka 2009 Mahadev Satyanarayanan wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na wenzake waliandika makala wakipendekeza seva ndogo ziwekwe jirani na watumiaji, mtu azifikie kwa hatua moja tu ya mtandao pasiwaya. Hoja yao inaifaa miwani hasa. Mwishoni mwa mwaka 2014 taasisi ya viwango ya Ulaya, ETSI, iliunda kundi la kuandika kanuni za kuweka kompyuta ndani ya mitandao ya simu. Huo ndio tunaouita ukokotozi wa ukingoni: kompyuta inatoka kwenye kituo cha mbali inakuja pembeni mwa mtandao, pale mtumiaji alipo.

Sisi wenyewe tuna mfano wa zamani wa jambo hili, nami nashangaa hatuusimulii mara nyingi zaidi. Kabla ya mikongo, barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya jirani inayotumia kampuni nyingine ya intaneti ilipanda kwenye setilaiti iliyo kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, ikashuka ng'ambo, ikapanda tena, ikashuka Nairobi. Mwaka 2000 kampuni za intaneti za Kenya zilianzisha KIXP, mahali pa kubadilishana data humo humo nchini. Palifungwa baada ya wiki chache kwa amri ya msimamizi wa sekta, pakafunguliwa tena mwaka 2002. Safari ya kwenda na kurudi iliyozidi sekunde nzima ikawa sehemu ndogo ya sekunde. Hakuna aliyebadilisha kasi ya mawimbi. Walikataa tu data ya Nairobi izunguke ng'ambo bila sababu.

Hewani

Tukiisogeza seva, bado kuna kipande cha mwisho, kati ya antena na miwani. Wengi wanaamini 5G imekimaliza. Vodacom Tanzania na Safaricom zilizindua huduma hiyo kibiashara mwaka 2022, na ni hatua kubwa. Lakini kwanza, ile milisekunde moja inayotajwa kwenye matangazo ni lengo la kipande cha hewani peke yake, tena kwa huduma maalumu. Kwa intaneti ya kawaida ya 5G, Shirika la Kimataifa la Mawasiliano liliweka lengo la milisekunde 4, nalo ni la hewani tu. Baada ya mnara, data inasafiri hadi kwenye lango la kampuni ndipo itoke. Kama lango liko Dar es Salaam, miwani iliyoko Mwanza itaongea na seva ya mtaa huo huo kwa kupitia Dar es Salaam na kurudi. Viwango vya 5G vinaruhusu lango lisogezwe hadi jirani na mnara. Kulisogeza ni uamuzi wa kampuni, nasi tuna haki ya kuuomba.

Jambo la pili ni safari ya kupanda, kutoka kwenye kifaa kwenda mnarani. Mitandao mingi hugawa muda kati ya kushuka na kupanda, na sehemu kubwa hupewa kushuka, kwa sababu watu wengi wanatazama video zaidi kuliko kuzituma. Miwani inatuma kila mara. Habari ya kichwa kiko wapi ni ndogo, lakini ikisubiri zamu yake, kila kitu kinasubiri. Na katika uhalisia ulioongezwa, miwani inayotaka seva itambue vitu vilivyo mbele yake italazimika kupandisha picha za kamera mfululizo.

Jambo la tatu ni umbo la mzigo. Fremu moja hukatwa vipande vingi ili ipite, na vyote hufika kwa kishindo kimoja, kisha kimya, kisha kishindo kingine. Kipande kimoja kikipotea, fremu inaweza kuharibika yote. Ni kama doti ya kanga: aliyepata kipande kimoja hajapata doti. Kwa miaka mingi mtandao haukujua kwamba vipande hivi ni vya fremu moja. Ulihudumia kila kimoja peke yake. Toleo la 18 la viwango vya mitandao ya simu vinavyoandikwa na 3GPP, lililokamilika mwaka 2024, limeufundisha mtandao kuvitambua kama seti moja, na kuacha kupoteza nafasi kwa masalia ya fremu iliyokwisha kuharibika. Kwangu mimi hiyo ni habari kubwa kuliko ongezeko lolote la kasi.

Waifai nayo ina tabia yake. Kifaa kinasikiliza kwanza. Kikisikia kingine kinaongea, kinanyamaza na kungoja. Adabu hiyo inafaa barazani, lakini kwenye bweni lenye simu mia mbili inageuka foleni. Waifai ya kizazi cha sita inaweza kuhudumia vifaa kadhaa kwa wakati mmoja kwa kugawa chaneli. Masafa ya gigahezi 60 yana nafasi tele, ila mwili wa mtu mmoja akipita katikati huyakata.

Zipo mbinu za kupunguza makali. Miwani inaweza kuizungusha kidogo picha ya mwisho iliyopokea ilingane na kichwa kilipo sasa, na kwa kugeuza kichwa tu inasaidia sana, hata seva ikichelewa kupita zile milisekunde 20. Ukipiga hatua kando, au ukisogeza mkono kwenye kitu kilicho karibu, mbinu hiyo inashindwa, kwa kuwa sehemu iliyokuwa imefichwa haimo kwenye picha ya zamani. Mbinu nyingine ni kuchora kwa ukamilifu pale tu jicho linapotazama. Jicho huona kwa ukali eneo dogo, kama upana wa kidole gumba ukinyoosha mkono. Lakini jicho huruka haraka, na seva ya mbali itakuwa inachora vizuri mahali ambapo jicho limekwisha kuondoka. Mbinu zote mbili zinafanya kazi vizuri zaidi seva ikiwa karibu.

Tuanzie chumbani

Pendekezo langu ni kwamba tusiisubiri minara. Kompyuta moja yenye kadi nzuri ya michoro ikae chumba cha pili, iunganishwe kwa waya na ruta moja, ruta hiyo iwe ya miwani peke yake na chaneli yake isichangiwe na simu za bweni. Huo tayari ni ukingo, na chuo kinaweza kuujenga kwa fedha zake bila kibali cha mtu. Masomo yapakuliwe usiku kutoka popote yalipo, mchana yachorwe hapo hapo.

Baada ya vyuo kadhaa vya mji mmoja kuzoea, ndipo tuzungumzie seva ya pamoja kwenye jengo la kampuni ya simu au mahali pa kubadilishana data. Umeme utakuwa kikwazo: seva inahitaji nguvu isiyokatika na ubaridi, na iko minara inayoendeshwa kwa sola na jenereta. Sioni sababu ya kuanza na minara hiyo. Tuanze na majengo ya mjini ambayo tayari yana umeme wa akiba na mkongo.

Kwa wenzangu wa vyuo nina ombi moja. Kabla hamjasaini ununuzi wa miwani, pimeni muda wa kwenda na kurudi kati ya darasa lenu na seva mtakayotumia. Pimeni siku nzima ya masomo, wanafunzi wote wakiwa mtandaoni, na mwandike kipimo kibaya kuliko vyote, si wastani. Kikikaribia au kuzidi milisekunde 20, ileteni seva karibu kwanza, miwani mtanunua baadaye.