Paxtu, Nyumba ya Jenerali Mjini Nyeri

(Muziki wa kufungulia kipindi. Unashushwa taratibu.)

MTANGAZAJI: Leo tumepanda hadi Nyeri, kilomita kama 150 kaskazini mwa Nairobi. Katika viwanja vya Hoteli ya Outspan kuna nyumba ndogo iitwayo Paxtu. Mwenyewe alikuwa Luteni Jenerali Robert Baden-Powell, Mwingereza aliyeanzisha uskauti. Alihamia hapa mwaka 1938 na mkewe Olave, afya ikiwa imezorota, akawa anaandika na kuchora wanyama hadi alipofariki tarehe 8 Januari 1941.

(Sauti: mlango unafunguliwa, nyayo.)

Ukiingia tu, unapokewa na skafu na beji. Maskauti wanaotoka pembe zote za dunia huziacha humu, na kwangu mimi hilo ndilo linaloipa nyumba hii uhai: wageni wenyewe ndio wanaoijaza.

Lakini nakusihi, usiishie kwenye skafu. Jenerali huyu aliitumikia dola iliyotawala kwa bunduki. Mwaka 1896, vitani na Wandebele, aliamuru chifu Uwini, aliyekwisha kutekwa, apigwe risasi. Kisha mwaka 1899 Makaburu wakamzingira Mafeking, Afrika Kusini. Mji ulistahimili siku 217, na walioteswa zaidi na njaa ni Waafrika waliokuwa ndani yake. Ni hukohuko Mafeking alikowaona wavulana wakipeleka ujumbe, akatambua kwamba kijana akiaminiwa kazi, anaiweza. Mwaka 1907 akapiga kambi na wavulana katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, na uskauti ukaanzia hapo. Skauti wa Kenya anayeletwa Paxtu anastahili kusimuliwa yote, la Uwini na la Brownsea, katika ziara ileile.

Baadaye Paxtu ilikaliwa na Kanali Jim Corbett, msasi mashuhuri wa chui milia waliokula watu kule India. Alikuja Kenya mwaka 1947 na dada yake Maggie, baada ya India kupata uhuru.

Wanajeshi hawa wawili wamezikwa Nyeri, katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro. Majivu ya Olave nayo yaliletwa huko kwa mumewe. Ukitaka kuuona Mlima Kenya pia, fika asubuhi mapema, kabla mawingu hayajaufunika.

(Muziki unapandishwa.)